Mwendo wa Bi Tatu

Bi Tatu kakubali! Anakuja, Zuhura. Kaniambia kwa kinywa chake mwenyewe, huku anamenya mhogo, kisu mkononi.

Haya, sasa tusalimiane kama watu. Hujambo mwanangu? Mie mamako sijambo, goti tu linanisumbua kwa safari ya juzi, na safari yenyewe nitakueleza. Nakuandikia nawe umo humuhumu ndani. Nakusikia ukumbini mnavyobishana na shangazi yako juu ya sanduku lisilofungika. Barua hii naitia chini kabisa, chini ya zile kanga mbili mpya, na nimemwomba shangazi akwambie uzitoe gari moshi likishapita Pugu. Hapo hutaweza kurudi kuniuliza maswali, nami sitauona uso wako. Nimepanga hivyo kwa akili, si kwa woga. Basi, na kwa woga kidogo.

Ana kwa ana nisingeweza. Ningeanza vizuri, kisha ningekuigizia mtu mmoja, ukacheka, nami nikiona mtu anacheka siwezi kuacha. Jambo lenyewe lingepotea hapohapo. Kalamu inanituliza. Na hati yangu unaijua ilivyo. Nimesoma madarasa manne tu, lakini mwalimu wetu wa kike, akija mgeni, alikuwa anamwonyesha daftari langu kwanza, halafu ndipo anamwonyesha bustani. Baba yako ni karani mzima wa bohari na bado barua za ndugu zake ananiletea mie niandike.

Habari za kula, kulala, kuanika nguo na kujikinga na mbu kakwambia shangazi yako tangu juzi. Kama hukushika, hutashika tena. Sirudii.

Najua umechoka kunisikia nikijisifu kwa ajili yako, lakini safari hii vumilia, maana uko ndani ya behewa na huna pa kukimbilia. Binti wa kwanza wa mtaa huu kwenda kusomea ukunga wa hospitali ni wangu. Wangu! Nimewaambia watu hadi wamechoka. Jana muuza maji kaniona naja akageuza mkokoteni. Nimemwambia hata yule Mwarabu wa duka la pembeni, naye akanipongeza vizuri, akaniuliza, "Bi Sikudhani, hii ni mara ya sita au ya saba unaniambia?" Nikamwambia ya sita, na ya saba iko njiani.

Lakini Jumanne, walipokuja akina mama kukupongeza, ulisema neno. Mama mmoja alikuuliza kwa nini ukunga, si ualimu. Ukajibu, tena umesimama wima kama unasoma mbele ya mkaguzi: "Kwa ajili ya ile sinema ya mama. Tangu nilipoiona nilisema nitasoma, nikirudi nitawakomesha wale vikongwe wote."

Vigelegele vikapigwa. Mie nikapiga cha juu kuliko wote. Kisha nikaingia jikoni, nikakaa juu ya mbuzi, nazi sina mkononi. Nilikaa pale mpaka wageni wakaanza kuuliza mwenye nyumba kaenda wapi.

Maana yule kikongwe wa sinema ni mie, Zuhura. Hilo unalijua, na mtaa mzima unalijua, nimelisema mwenyewe mara nyingi kuliko watu walivyotaka kulisikia. Usichokijua ni kile nilichokuwa nakiruka kila nilipolisimulia.

Watu wa sinema walikuja mwaka ulioingia darasa la pili. Mzungu mmoja mrefu mwenye kofia, mpiga picha wake, na mkalimani, kijana mpole wa kutoka bara, Mkristo, aliyekuwa akituamkia wote shikamoo hata tuliokuwa wa rika lake. Walitaka wanawake wa kuigiza. Mambo yenyewe yalikuwa haya: msichana kapata mimba hana mume, anakwenda kwa kikongwe kupewa dawa ya kuitoa, anakufa. Mwenzake kapata mimba, anakwenda zahanati kila mwezi, anajifungua, anacheka. Mwisho askari anakuja kumchukua kikongwe. Basi.

Wanawake wengine walitaka kuwa yule anayecheka. Mie nilikuwa na miaka thelathini, meno yote kinywani, sura unaiona hata leo haijaniangusha, na nikachagua kikongwe. Kwa sababu nilijua wa zahanati angesimama tu na mtoto, lakini kikongwe atafanya kazi. Wakanipaka majivu nywele na unga wa mhogo kwenye nyusi. Yule Mzungu akaniambia kupitia kwa mkalimani, "Tembea kama mzee."

Nikatembea kama Bi Tatu.

Sasa hapa inabidi nikueleze jambo ambalo kwa mtoto wa kwetu halielezwi, lakini wewe umekuwa mtu wa shule, na ngoma za kike umeziona kwa kuchungulia tu. Uani, kwenye harusi, wanaume wakishatolewa, sie huigizana. Unajua nilivyokuwa nikisifika. Nilikuwa nikimwigiza mke wa shehe anavyohesabu sahani, watu wanalala chini kwa kucheka. Lakini mchezo ule una masharti. Unayemwigiza lazima awepo. Akipenda, anasimama anakufunga kanga shingoni, ndiyo tuzo yako. Asipopenda, anasimama vilevile, anakuigiza wewe, na wewe unakaa unatulia mpaka amalize. Hakuna kununa. Likiisha limeisha, na halitoki nje ya ua.

Bi Tatu mkunga wetu nilikuwa nikimwigiza kila harusi. Mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni ukaunga vibaya, kwa hiyo anakwenda kama mtu anayevuka mtaro kila hatua. Kikapu cha ukili begani. Kanga kaikunja fundo chini ya kidevu. Akifika mlangoni kwa mzazi, kabla hajaingia, anaugonga mlango kwa kiganja na kusema, "Haya mwanangu, mie nipo." Nilimwigiza yote hayo, na kila mara alikuwa akisimama na kunifunga kanga. Mara moja alinifunga ile aliyoivaa, akarudi kwao na ushungi tu. Alikuwa akisema, "Sikudhani ananijua mwendo kuliko mguu wangu."

Ndiye aliyekupokea wewe. Mikono ya kwanza kukushika ni ya Bi Tatu, hata mie nilikuwa wa pili.

Basi nikauchukua mwendo ule wote, na kikapu, na fundo la kanga, na kiganja mlangoni, na "mie nipo", nikampa yule Mzungu. Alifurahi mno! Akapiga makofi, akasema kwa Kiswahili chake, "Tena! Tena, mama, nzuri sana!" Nikarudia mara nne. Sikuwaza hata kidogo kwamba natoka nje ya ua. Nilijiona naigiza vizuri, na kweli niliigiza vizuri, hilo sitalikana hata leo.

Siku ya msichana kufa ilikuwa na kichekesho chake. Wamemlaza kwenye mkeka, chumba kitupu, mie kikongwe nimeshatoroka. Majirani walikuwa nyuma ya kamba wanatazama. Yule binti alikuwa fundi naye, akageuka kidogo, akalia, "Mama weee." Weee, kamba gani tena? Akina mama watatu wamekwisha kuivuka. Mmoja ana maji kwenye kata, mmoja kavua kanga anamfunika, wa tatu keshakaa chini kamshika kichwa. Mzungu anapiga kelele, "Toka! Toka!" Mkalimani maskini anakimbia huku na huku, jasho linamtoka, anasema, "Samahani akina mama zangu, tokeni, tafadhali tokeni. Huyu anatakiwa afe peke yake."

Aliyemshika kichwa akamjibu, "Peke yake kwa nini? Hana kwao?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Nami nilicheka, na maneno yale nikayafanya mchezo wangu, nikawa nikiyatumia hata nikichinja kuku. "Huyu anatakiwa afe peke yake." Miaka mingi nimekuwa nikichekesha watu kwa hilo.

Sasa nikupe kitu ambacho hakikuwamo katika masimulizi yangu. Miaka kadhaa kabla ya sinema, wewe ulikuwa na miezi tisa, hujaacha ziwa. Baba yako alikuwa mgonjwa wa kifua, kapelekwa kwao kuuguzwa, na hatukujua kama atarudi. Nikajiona nina mimba nyingine. Sikumwambia mtu. Nilimwendea mwanamke mmoja wa sokoni, jina lake nimelisahau kwa makusudi, akanipa kitu cha kunywa, nikakinywa. Siku ya pili sikuweza kusimama.

Nani alimwita Bi Tatu sijui hadi leo. Nilisikia kiganja mlangoni. "Haya mwanangu, mie nipo." Aliniuliza nimekunywa nini, na hakuuliza kwa kunikaripia, aliuliza kama unavyouliza njia. Akanishika, akanitazama macho, akanusa ile chupa. Kisha akasema mbele ya watu, bila haya, "Hapa mie nimefika mwisho. Huyu ni wa hospitali." Nimewajua waganga, nimewajua maimamu, nimewajua makarani wa bohari. Mtu wa kusema "nimefika mwisho" mbele ya watu nimemwona mmoja.

Walinibeba juu ya kitanda cha kamba hadi barabarani, wanawake wanne, na yule kiwete mbele anasimamisha lori. Hospitalini dresa wa zamu akauliza, "Kafanya nini huyu?" Bi Tatu akasema, "Kaanguka kisimani." Dresa akasema, "Kisima gani?" Akamjibu, "Kirefu." Basi yakaisha. Alikaa nje ya wodi siku tatu, chini, kwenye saruji, kwa maana viti vilikuwa vya watu wengine. Baba yako aliporudi amepona, aliambiwa kisima, na mpaka leo anaamini kisima, na nakuomba umwachie kisima chake.

Na wewe je, mtoto wa ziwa, siku zote hizo ulinyonya wapi? Jirani yetu wa ua wa pili, Mwanaisha, alikuwa na mtoto wake mchanga. Alikuchukua bila kuulizwa, akakuweka ziwa moja, wake ziwa la pili. Nguo zangu za damu walizifua upande wa mbali ambako wanaume hawapiti. Uji niliukuta. Hakuna aliyeniuliza neno, si siku zile wala baadaye. Kwa hiyo Mwanaisha ni mama yako wa kunyonya, Zuhura, kwa dini na kwa haki. Nilipaswa kukwambia tangu zamani. Utaona kwa nini sikukwambia.

Miezi michache baada ya kupigwa picha, gari la sinema likaja kwetu Temeke kuonyesha. Unakumbuka shuka jeupe kiwanjani. Mie nilivaa vizuri kuliko bibi harusi, nikakaa mbele kabisa, na wewe mapajani. Watu wengi namna ile walikuwa hawajaonekana kiwanjani pale, hata kwenye mpira.

Nilipotokea kwenye shuka nilishangaa jambo moja. Sauti zetu hazikuwemo. Midomo yetu inakwenda, lakini anayesema ni mwanamume mmoja, Kiswahili chake cha shule, safi kama sahani. Nikajiona nafika mlangoni, kiganja, mdomo unasema "mie nipo". Na sauti ya yule bwana ikasema, "Jihadharini na kikongwe huyu."

Na kiwanja kizima kikapiga kelele, "Bi Tatu! Bi Tatu huyo!"

Walicheka, wanaume na watoto, watu waliokuwa hawajawahi kuuona mchezo ule. Niliona fahari, mwanangu, sitakudanganya. Nilisema moyoni, tazama, wamemjua, kumbe nimempata barabara! Kisha nikageuka. Bi Tatu alikuwa nyuma yetu, kwenye mkeka wake, kaja kunitazama mie. Kanga mpya ilikuwa mapajani mwake imekunjwa. Alikuwa kaja nayo kunituza. Alipofika askari kwenye shuka kumkamata kikongwe, Bi Tatu akasimama, akakunja mkeka, akaenda zake. Na kwa kuwa alikuwa anakwenda, mwendo ulikuwa uleule, na watu wakacheka tena.

Nilimfuata siku hiyo? Sikumfuata. Watu walikuwa wananipongeza.

Yaliyofuata yalikwenda polepole. Waume wakawakataza wake zao kumwita. Watoto wakawa wanamfuata nyuma wakichechemea na kusema "mie nipo". Nilikuona, Zuhura. Ulikuwa wa mbele. Ulikuwa na kikapu cha kuchezea begani, na mguu unauvuta vizuri kweli, kuliko wenzako wote. Sikukukemea. Nilisimama mlangoni nikasema, mtoto karithi kipaji changu. Bi Tatu aliniona nikisema. Haukupita mwezi akahama, akarudi kwao Mbweni.

Sinema ile haikusema uongo mtupu. Zahanati ni nzuri, na yule mwanamke wa sokoni yupo kweli, nimemnywea dawa. Lakini mle ndani hapakuwa na Mwanaisha, wala wa kufua nguo, wala wa kupika uji, wala anayesema nimefika mwisho. Palikuwa na msichana, kikongwe na askari. Nasi tuliitazama tukaamini kwamba ndivyo tulivyo. Likazuka neno mtaani kwamba mwanamke yeyote atakayekutwa chumbani mimba ya mwenziwe inapoharibika ataandikwa jina, askari aje. Nani alilisema kwanza sijui. Kila mtu alilisikia kwa mwingine.

Siku moja asubuhi, wewe uko shule. Napepeta mchele. Mwanaisha alikuwa na mimba ya miezi minne, mimba ya heri, ameshaanza kutafuta jina. Nikasikia ng'ambo ya ua wa makuti, "Sikudhani." Nikatuliza ungo ili nisikie vizuri. "Sikudhani, njoo. Nimeharibikiwa."

Nilisikia. Naandika tena usije ukadhani umesoma vibaya. Nilisikia.

Nikawaza hivi: sura ya kikongwe ni yangu. Kila mtu kaniona kwenye shuka nikitoka chumbani kwa maiti na kikapu. Nikionekana leo natoka kwa Mwanaisha na nguo yenye damu, nani ataniamini? Nikajiambia, mama wa nyumba ya tatu atamsikia, ataingia yeye. Naye, alikuja kuniambia baadaye, alisema moyoni, Sikudhani yuko karibu zaidi, ataingia yeye. Milango yote ilikuwa wazi, na kwenye kila mlango palikuwa na mwanamke anayefanya kazi yake. Mie niliendelea kupepeta. Mchele ule ulikuwa safi tangu mwanzo, sikuwa napepeta kitu.

Aliita mara tatu. Ya tatu hakutaja jina langu, alisema "jamani" tu.

Mumewe alirudi kutoka kazini alasiri, akamkuta. Na baada ya hapo tulikuwa wengi. Tulimwosha vizuri sana. Kila mmoja alileta udi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayaruka.

Sasa safari yangu. Alhamisi niliwaambia nakwenda Kunduchi kumjulia hali shemeji yake baba yako. Nilikwenda Mbweni. Lori la nazi lilinifikisha barabara kuu, iliyobaki nikaimaliza kwa goti hili. Nikaelekezwa nyumba. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mie Sikudhani."

Nikasikia kisu kinakata mhogo. "Sikudhani yupi? Yule niliyemzalisha au yule wa sinema?"

"Ni wote wawili, Bi Tatu."

"Basi aingie yule niliyemzalisha. Yule mwingine akae nje na viatu."

Nikavua viatu, nikaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Kazeeka, lakini mikono ileile. Nikamwambia habari zako: umefaulu, unakwenda kusomea ukunga, na namna ulivyosema Jumanne. Akacheka. "Kwa hiyo anakuja kunikomesha mie? Atanikuta nimekwisha kukoma. Huku Mbweni nazalisha mbuzi."

Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu barabarani, mazuri, yenye mpangilio. Akanikatiza. "Hayo ya mguu wangu ni mchezo wa kike, uliutoa nje ya ua, umekosea, nitakujibu siku yake. La Mwanaisha nimelisikia. Alikuita?"

"Aliniita."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Akaumenya ule mhogo mpaka mwisho, akautia katika sufuria, akachukua mwingine. Kisha akasema, "Mwanao anakijua hicho?"

"Hakijui."

"Basi mwandikie. Asiondoke akidhani hata Mwanaisha aliuawa na kikongwe, kama yule msichana wa sinema. Ukimwandikia, nitakuja kwako. Usipomwandikia, nitajua tu, maana nitamwona usoni siku atakayoniamkia."

Nikauliza, "Na asipokuamkia?"

"Basi nitakuwa nimekula pilau yako bure," akasema. "Nimewahi kula chakula kibaya zaidi."

Ndiyo hivyo, mwanangu. Barua hii ndiyo sharti lenyewe, na nimelitimiza, na sasa liko mikononi mwako wala sitakuelekeza la kufanya. Huko unakokwenda jifunze vyote, majina ya dawa, vyuma, usafi wa mikono, usiache hata kimoja, maana mie ni hospitali iliyoniponya. Lakini aliyenifikisha hospitali ni mguu ule uliokuwa ukiuiga. Siku moja utakuwa mlangoni pa wodi umevaa nguo nyeupe, ataletwa msichana, na nyuma yake kikongwe atakwambia kaanguka kisimani. Wewe utajua kisima gani. Mtibu msichana, na yule kikongwe mtafutie kiti.

Sikuhama mtaa huu, Zuhura. Wengine wanashangaa kwa nini sikumsikiliza baba yako tulipopata nafasi ya nyumba Kinondoni, chumba zaidi na bomba karibu. Nilibaki hapa kwa ajili ya ule ua wa makuti. Tangu siku ile, mwanamke akiita ng'ambo yake, mie ndiye wa kwanza kuingia, na nikifika mlangoni nagonga kwa kiganja. Maneno ninayoyasema unayajua. Sijayasema kwa kuigiza tena.

Ndimi mamako, Sikudhani, mwenye binti wa kwanza kutoka mtaa huu kwenda kusomea ukunga wa hospitali. Hiyo ndiyo ya saba, nitaipeleka dukani kesho tukitoka stesheni.

Tumekwisha kupanga kila kitu kwa likizo yako. Wanaume wameambiwa watafute pa kwenda. Mume wa marehemu Mwanaisha anawaleta watoto wake, na yule mliyenyonya pamoja anajua kuwa ni ndugu yako, nimemwambia leo asubuhi. Mama wa nyumba ya tatu anakuja na mchele wake. Bi Tatu atapanda lori la nazi la alfajiri, na ameniagiza nimwigize mbele yake kwanza, kisha aniigize yeye: mwanamke anayepepeta mchele safi. Nitakaa nitulie mpaka amalize. Ile kanga mpya ya usiku wa sinema anayo bado, hajaniambia ataifanyia nini. Wote wanakuja siku ya pili ya Idi ya Mfungo Tatu, saa nne asubuhi, uani kwetu.